Vitufe Sita

Rafiki yangu Gracien hutengeneza kompyuta mtaani Mulongwe. Alasiri moja Léocadie alimletea kompyuta ya marehemu mumewe, Modeste, aliyechukuliwa na mafuriko pamoja na binti yao. Siku ile mashine ilikuwa mtaa wa Songo kwa shemeji yake, haikuguswa na maji. Picha zote za mtoto zilibaki humo.

Mfumo ulikuwa umeharibika na CD ya kuurudisha haikuwepo. Gracien akafungua sehemu ya ukarabati iliyofichwa ndani ya mashine. Ikadai neno la siri.

"Maman, unajua mot de passe yake?"

"Miye? Hakuniambiaka."

"Bibi ya muntu anakosa kujua?"

Umeme ukakatika. Duka halina dirisha, na betri ya mashine isingetosha kumaliza kazi. Gracien akatoka kuwasha jenereta kando ya mlango, ambao ni mmoja tu. Kabla hajavuta kamba, alisikia vitufe vikibonyezwa ndani polepole, kimoja kimoja, mara sita.

"Kumbe weye unajua!" akaita kuelekea gizani.

"Unaongea na nani?" Léocadie akauliza. Alikuwa naye pale nje, nyuma yake, amemshikia tochi.

Walipoingia, ukarabati ulikuwa umeshaanza. Picha zote zilipatikana. Léocadie hakuzitazama. Alikuwa akitazama vitufe sita vilivyolowa maji ya matope.