Ofisi ya Préfet Émile

Wiki tatu baada ya mazishi ya Préfet Émile, mkuu wa shule, sauti yake ilimwita mwalimu Nathalie kutoka ofisini.

"Nathalie. Darasa la tatu wana kelele."

"Ndiyo, Préfet," alijibu Nathalie, akaingia kuwanyamazisha wanafunzi. Alikuwa ameshashika chaki alipokumbuka kwamba yeye mwenyewe alitupa udongo juu ya jeneza la mtu yule. Akarudi varandani. Mlango wa ofisi ulikuwa na kufuli, na chini yake ilitoka harufu ya formole, dawa wanayotia maiti zisioze.

Ilikuwa sekondari ndogo upande wa Simi-Simi, Kisangani. Émile aliiongoza miaka kumi na tisa, na hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia hapana. Saa ya mapumziko Nathalie alimvuta pembeni Timothée, mkuu wa nidhamu.

"Papa Timothée, iko nani mule ndani?" alinong'ona.

"Préfet iko mule."

"Préfet tulimuzika."

Timothée alitazama viatu vyake. "Bon. Lakini sauti iko yake. Alisema nifagilishe uwanja, nimefagilisha. Sasa mimi nifanye nini?"

"Ukatae."

"Nimukatalie nani? Haonekane."

Wakazoea. Walimu saba wenye diploma zao, watu wa kusali kila Jumapili, walizoea, na hilo ndilo linaloudhi zaidi katika habari hii. Sauti iliamuru wavulana watengwe na wasichana, wakatengwa. Iliamuru madirisha yapigwe misumari, yakapigwa, na katika joto la Kisangani watoto wakatoka jasho mpaka madaftari yakalowa, na hakuna mwalimu aliyeleta nyundo kung'oa msumari hata mmoja.

Alhamisi, saa sita mchana, wanafunzi walikuwa wamepanga mistari uwanjani. Sauti ilianza kuwahutubia kutoka ofisini. Jemima, binti wa mvuvi wa kwenye maporomoko ya Wagenia, akamgeukia mwenzake na kuuliza, "Mais, Préfet si alikufaka?"

"Apige magoti," ilisema sauti.

Timothée akampigisha magoti kwenye kokoto.

"Mikono mbele. Nathalie, chukua fimbo."

Nathalie alichukua fimbo. Alijiambia atapiga polepole, mara moja tu, na sauti itaridhika. Lakini sauti ilisema nguvu zaidi, naye akapiga kwa nguvu zaidi, na ile harufu ya formole sasa ikawa imejaa uwanja mzima, na akawatazama walimu wenzake sita mmoja baada ya mwingine, akitafuta hata mmoja aseme basi, na kila mmoja alikuwa akimtazama yeye, akingoja jambo hilohilo, na mkono ukapanda tena na kushuka, ingawa hapakuwa na mtu aliyeushika, mpaka kitu kikalia kwa sauti ndogo, kama kijiti kikavu kikivunjika.

"Madame," alisema Jemima taratibu. "Kidole."

"Endelea," ilisema sauti, kama mtu anayeagiza chai.

Hapo hasira ilimpanda Nathalie, hasira ambayo alitakiwa kuwa nayo miaka mingi nyuma. Aliitupa fimbo, akaokota jiwe, akapiga kufuli mpaka likaachia.

Ndani hapakuwa na mtu. Vumbi lilikuwa juu ya kiti, halikuguswa.

"Toka, Nathalie," ilisema sauti karibu sana na shingo yake. "Nitakuita."

Miguu yake ikageuka kutoka. Alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili ili abaki.

"Weye ni nani?" aliuliza.

"Sijui. Mimi nilikuita tu jina. Wewe ndiye uliyeitika Préfet."

Nathalie alimpeleka Jemima kwenye kituo cha afya, mkono wake ukafungwa. Asubuhi ya pili walimu walimleta Maalim Abdulhamid, aliyekuwa akitibu watu wenye majini. Alichoma ubani ofisini, akasoma muda mrefu huku bati la paa likitetema juu ya kichwa chake. Kisha likatulia, na harufu ikaisha.

"Limetoka," alisema, akijifuta uso. "Jini dogo sana hili. Halina nguvu ya kuinua hata karatasi. Minashangaa liliwezaje kufanya mambo yote mulioniambia."

Papa Carlos, babake Jemima, alikuwa ameingia uwanjani na binti yake. Alisimama mbele ya wale saba.

"Nani alivunja mutoto wangu?"

"Ni jini, papa," alisema Timothée upesi. "Njo limefukuzwa sasa hivi."

"Jini ilishika fimbo?"

Nathalie akatoka mbele.

"Apana, papa," alisema. "Ni mimi. Nilimupiga kwa mukono yangu, na hawa bote banaangalia."

Nyuma ya Nathalie mtu akasema kwa ukali:

"Madame Nathalie, nani alikupa ruhusa ya kusema?"

Aligeuka kwa hofu kuelekea ofisini. Mlango ulikuwa wazi, chumba kitupu. Aliyesema alikuwa Timothée, na wale wengine watano walikuwa wanatikisa vichwa kumkubali.