Tarehe Ndani ya Mashine Pepe

Kompyuta ya Karakana ya Viungo vya Mwili mjini Moshi haikuzidi ukubwa wa kinu cha kutwangia vitunguu saumu, na asubuhi ile Nakijwa Mrutu alikuwa anajenga kompyuta nyingine ndani yake. Hakushika bisibisi wala waya. Aliiambia tu kwamba anataka kompyuta ya mezani ya kizamani, yenye diski yake, kumbukumbu yake na kiwambo chake, na kinu kile kikatenga pembe moja na kuiaminisha pembe hiyo kwamba ni kompyuta kamili inayojitegemea. Mafundi waliita kitu hicho mashine pepe. Huwezi kuigusa wala kuibeba, lakini ukiiuliza ni nani, itakujibu bila haya kwamba ni kompyuta na iko juu ya meza.

Sasa ilibaki kuiwekea mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoifundisha kompyuta kusoma, kuandika na kufungua madirisha. Mfumo aliouhitaji Nakijwa ulikuwa umeachwa na dunia nzima miaka mingi, na nakala yake ilipatikana mwezi uliopita tu katika ghala la chuo kimoja cha ufundi. Akaiingiza. Kiwambo kikawa buluu, kikamuuliza lugha. Kiswahili kilikuwamo, akafurahi, kumbe nusu ya maneno yalikuwa hayajatafsiriwa. Kikamuuliza majira ya saa. Moshi haikuwamo, Dar es Salaam haikuwamo, akachagua Nairobi kwa shingo upande. Kikamuuliza jina na nywila. Kisha kikaanza kunakili mafaili, kikafika asilimia sitini na tatu, kikaganda.

Nyuma ya kioo, katika chumba cha pili, alilala Bibi Ndeaika Kiwia, mwenye miaka sabini na moja. Kifuani mwake mlikuwa na moyo-chuma, pampu isiyozidi ngumi ya mtoto, iliyokuwa imemsukumia damu kwa miaka kumi na mitano bila kumsumbua hata siku moja. Tangu alfajiri ilikuwa inapunguza mapigo. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba moyo mpya wa kuoteshwa huchukua siku arobaini, na kwa mwendo ule Bibi Ndeaika asingefika alasiri. Njia pekee ilikuwa kuzungumza na moyo wenyewe, na programu ya kuzungumza nao, iliyoitwa Mlinzi, haikukubali kuendeshwa na kompyuta yoyote isipokuwa hizo za kizamani. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imefunga milango kitambo, ikaacha mioyo inadunda na funguo hazijulikani ziliko.

Aikande, bintiye Bibi Ndeaika, alikuwa amesimama mlangoni na kanga begani.

"Dada Nakijwa, mbona imesimama?"

"Haijasimama. Hizi ndivyo zilivyokuwa. Watu walikuwa wanakwenda kupika chai, wanarudi, wanaikuta palepale."

"Mapigo ya mama yamefika thelathini na sita."

Nakijwa alitazama ule mstari wa asilimia kwa chuki ambayo hakuwahi kumwonea binadamu. Ukafika sitini na nne. Ukakimbia hadi tisini. Mashine ikajizima, ikajiwasha, na mbele yake likatokea eneo la kazi lenye picha ya mlima na kipanya kilichosubiri kusogezwa. Mlima wenyewe ulikuwa na theluji, jambo ambalo Nakijwa alilijua kwa kusimuliwa tu.

Akaweka Mlinzi. Mlinzi ikafunguka, ikaandika: Muda wa matumizi umekwisha.

Hapo mtu mwingine angekaa chini akalia, lakini mafundi wa karakana ile walikuwa na dawa yao ya siku zote. Programu ikisema imepitwa na wakati, unairudisha saa ujanani. Unaikatia mashine pepe mtandao isije ikaambiwa ukweli na kompyuta za nje, kisha unaipa tarehe unayotaka wewe, nayo itaamini, kwa sababu haina dirisha la kuchungulia. Nakijwa akairudisha nyuma miaka kumi na mitano kamili. Mlinzi ikafunguka kama mlango uliotiwa mafuta.

Akaiunganisha na moyo wa Bibi Ndeaika kwa mawimbi. Alitarajia kuona betri iliyokufa, au vali iliyolika. Akasoma mara moja, akasoma tena. Betri asilimia tisini na nne. Vali nzima. Mota nzima. Moyo ule ulikuwa mzima kuliko mioyo ya nyama ya watu wote waliokuwa ndani ya jengo.

Chini ya taarifa hizo kulikuwa na ukurasa mwingine, mfupi. Muda wa huduma: miaka kumi na mitano. Baada ya hapo: zima. Namna ya kuzima: polepole.

Nakijwa aliliangalia neno lile la mwisho mpaka herufi zikaanza kuchezacheza. Hapakuwa na ugonjwa. Kulikuwa na amri. Kuna mtu aliyekaa ofisini, akanywa chai yake, akaamua kwamba mteja arudi kununua moyo mwingine, na akaona ni uungwana kumwonya kwa kumnyong'onyeza badala ya kumwangusha ghafla. Kampuni ikafa kabla ya wateja kurudi. Amri haikufa.

Kilio alikiahirisha. Aliuamuru moyo uchukue tarehe kutoka kwenye mashine pepe, ule wakati wa uongo wa miaka kumi na mitano iliyopita. Moyo ukakubali. Nyuma ya kioo namba ikapanda: thelathini na mbili, arobaini, hamsini na nane, sabini. Bibi Ndeaika akafumbua macho na kuuliza kama kuna mtu aliyewalisha kuku. Aikande akakimbilia kitandani, na vicheko vyao vikasikika hadi kwenye karakana.

Nakijwa hakucheka. Kutoka moyo wa Bibi Ndeaika, Mlinzi ilikuwa imepokea orodha ya kila moyo uliotoka kiwandani, kwa kuwa mioyo ile ilipashana habari kwa mawimbi, na majina ya Moshi yalikuwa themanini na saba. Thelathini na moja yaliandikwa: Umezimwa. Alipolinganisha tarehe ya kupandikizwa na tarehe ya kuzimwa, kila jina, bila kuacha hata moja, tofauti ilikuwa miaka kumi na mitano na siku moja. Hamsini na sita walikuwa bado wanadunda, Bibi Ndeaika akiwa mmoja wao, na aliyemfuata siku yake ilikuwa Alhamisi.

Aliyajua majina yale thelathini na moja. Sheria ya mji ilikataza kuzika moyo-chuma, kwa hiyo kila msiba ulipotokea familia ziliuleta karakana kabla ya maziko. Nakijwa aliuosha, akauweka kwenye meza ya majaribio, akauwashia umeme, na usipodunda akajaza kadi ya marehemu. Kadi hiyo ilisomwa kaburini pamoja na wasifu, baada ya shule alizosoma na idadi ya wajukuu. Mara thelathini na moja aliandika maneno yaleyale kwa mwandiko wake mzuri: Moyo umechoka. Hakuna aliyemuuliza anajuaje. Yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Usipodunda, umechoka, ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyowafundisha wengine. Na kwa kuwa kadi zilisema hivyo, hakuna aliyewahi kuhangaika kuutafuta mfumo wa zamani, hadi ulipookotwa kwa bahati.

Alijiambia huenda amekosea. Alitamani sana awe amekosea. Akaenda stoo, akafungua kabati la mioyo iliyorudishwa, akauchukua ule uliokuwa mbele kabisa bila kusoma lebo, akauweka mezani, akaupa umeme na tarehe ya mashine pepe.

Ukadunda.

Ulidunda vizuri, kwa nguvu, ukisukuma hewa tupu kwenye mirija yake, na meza ikatetemeka kidogo. Nakijwa alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta. Alikuwa fundi wa viungo kwa miaka kumi na saba na hakuwahi kuogopa kitu kilichokuwa mezani kwake. Ndipo akaigeuza lebo: Elirehema Kiwia, mume wa Ndeaika, baba yake Aikande, aliyefariki miezi minane iliyopita.

Mlango ukafunguka. Aikande aliingia akifuta machozi ya furaha, akaanza kushukuru, akataja dua atakazomwombea na ndizi atakazomletea, kisha akausikia mdundo. Akautazama ule moyo mezani.

"Huu nao ni wa nani? Kuna mgonjwa mwingine?"

Nakijwa angeweza kusema ndiyo. Angeuchomoa umeme, na mwanamke yule angerudi kwa mama yake akiwa na furaha yake nzima, na wale hamsini na watano waliobaki wangetengenezewa tarehe zao kimyakimya, mmoja mmoja, bila mtu kujua kulikuwa na nini. Kadi zingebaki kama zilivyosomwa. Lakini Alhamisi ilikuwa karibu, na wengine wa orodha ile walikuwa wamehama hadi Tanga, hadi Songea, na hawangekuja karakana bila kuambiwa kwa nini wanaitwa.

"Kaa kwanza, mdogo wangu."

"Nakaa vipi wakati mama ananingoja? Ni wa nani?"

"Ni wa baba yako."

Aikande alibaki amesimama. Alitazama moyo, akamtazama fundi, akarudi kwenye moyo, na mkono wake ukaishika kanga kifuani.

"Lakini uliandika umechoka," alisema taratibu. "Mimi ndiye niliyeisoma ile kadi kaburini."

"Niliandika," alisema Nakijwa. "Ulikuwa mzima."