Ng'ombe Waliofutwa Barazani

"Baba Salu, umenitukana mara nne mbele ya watu wote wa Bariadi."

Huyo ni Kwandu, wajukuu zangu, ananipigia kutoka Mwanza kwa simu ya jirani. Mimi nimesimama juu ya kichuguu huku Zagayu, maana simu za mkononi ndiyo kwanza zimeingia na mtandao ulishika hapo tu.

"Nimekutukana lini, mayu?"

"Jumamosi zote nne. Jina lako lipo, chini yake imeandikwa: Ujumbe umefutwa na msimamizi, lugha isiyofaa. Kaka Marcelo kasoma. Anasema anayetukana kabla ya kuoa, akishaoa atapiga."

Simu ikakatika. Nikakaa pale pale kwenye kichuguu. Nilichoka, wala si mwili tu.

Ngoja nirudi nyuma. Mke wangu wa kwanza alifariki, nikakaa peke yangu miaka sita. Kwandu tulielewana msimu wa pamba, wakati kampuni za kununua zimekuwa nyingi, kila moja na mzani wake, sisi kwenye foleni tunaongea siku nzima. Halafu mama yake akaugua, akaenda Mwanza kumuuguza. Vijana wetu waliosoma walikuwa wameanzisha baraza kwenye intaneti, la watu wa Bariadi popote walipo. Kwandu analisoma kila Jumamosi, na Marcelo pia. Nikasema basi, hapo ndipo pa kutaja ng'ombe. Kwetu ng'ombe wa mahari huwataji chumbani. Unawataja mbele ya watu, mmoja mmoja, rangi yake na pembe zake, ili kesho usije ukaleta mwingine.

Basi kila Jumamosi, ng'ombe mmoja: baiskeli hadi Somanda, kwenye kibanda cha intaneti, binti anaitwa Rhoda ananiandikia. Mimi shule niliishia la pili. Natamka Kisukuma, Rhoda anaandika kwanza kwenye daftari, kisha anatuma barazani hivyo hivyo, nami naondoka, maana rangi za ng'ombe kwa Kiswahili ni nne tano tu, zikiisha unabaki unaonyesha kwa mikono.

Nilipomsimulia ile simu, akanisomea sheria za baraza. Kiswahili tu. Lugha nyingine inafutwa, watu walikuwa wanaficha matusi humo. Na ikifutwa, kompyuta inaandika yenyewe lugha isiyofaa, haichagui. Akamwandikia msimamizi, Constantine, yuko Dar, anasimamia mabaraza ya mikoa mingi. Akajibu:

"Mzee, samahani. Kwetu ni Songea, Kisukuma sikijui. Nikikuruhusu wewe, nitaruhusu na wanaotukana."

Nikasema huyo hana kosa. Hata mimi ningechoka.

"Baba, si tuandike Kiswahili tu?"

"Haya, yule wa tatu. Niambie rangi yake."

Akafikiri. "Kama majivu yenye maziwa?"

"Ona sasa. Marcelo atadhani nampelekea uji."

Nikamwambia achane zile karatasi nne za daftari. Nikampa kondakta wa basi la Mwanza amfikishie Kwandu. Wiki mbili, kimya. Nikaacha hata kupanda kichuguuni.

Jumamosi ya tatu nikaenda Somanda kumwambia Rhoda tuache. Nikamkuta Kwandu kwenye benchi, karatasi mapajani. Marcelo kasimama mlangoni.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa heshima ya kwetu.

"Mwangaluka." Hacheki. "Nimemsomea mama. Huyo wa tatu, mama kanirudisha kumsoma mara mbili. Akasema nenda ukaone kama yupo."

"Yupo."

"Marcelo kamwona malishoni kwako asubuhi."

Marcelo akasema pembe moja imepinda, sikuitaja. Nikamwambia imetajwa, aangalie karatasi ya tatu. Akasoma, akairudisha mapajani kwa Kwandu.

"Wewe ulitaja mbele ya watu," Kwandu akasema. "Na mimi nijibu mbele ya watu."

Akamwinamia Rhoda, akamnong'oneza maneno yake kwa Kisukuma.

"Dada, watayafuta."

"Andika. Nimechoka kusubiri."

Tukakaa kwenye benchi tunangoja, kama nusu saa. Jina la Kwandu likatokea, na chini yake: Ujumbe umefutwa na msimamizi, lugha isiyofaa.

Kwandu akacheka, mara ya kwanza tangu aondoke.

"Sasa tumetukanana sawasawa."

Wapo watu mpaka leo wanajua kwamba Jeremia, ndiye mimi, na Kwandu walitukanana mtandaoni, halafu mwezi uliofuata wakafunga ndoa kanisani. Waache. Bibi yenu yupo jikoni hapo. Nikimwuliza alimnong'oneza nini Rhoda siku ile, ananiambia nikamwulize msimamizi.