Hewa ya Chumba cha Nyuma

Gari lilikuwa tupu, na bado lilikuwa limelalia kushoto.

Kipimo aliweka ncha ya tepu sakafuni, akaivuta hadi ukingo wa bodi juu ya tairi la nyuma. Kulia, sentimita sabini na nne. Kushoto, sabini. Jana alipofunga karakana pande zote zilikuwa sabini na nne. Aliandika kwa chaki ukutani, kama anavyoandika kila kitu, na ndiyo maana watu walishasahau jina alilopewa na wazazi wake.

"Shemeji," alisema kaka wa mkewe kutoka mlangoni, "hii ni mara ya tatu."

"Kuhesabu najua."

"Sijasema hujui. Nasema mama anasubiriwa hospitali saa sita."

Mama huyo, mkwe wa Kipimo, alikuwa amevunjika nyonga. Daktari alitaka aletwe amelala, asirushwerushwe. Lakini barabara ilikuwa mashimo matupu, na springi za nyuma za gari la mizigo la shemeji zilikuwa zimechoka. Kipimo akajitolea kufunga mito ya hewa: mipira miwili minene inayokaa kati ya ekseli na chasisi, mmoja kila upande, ikijazwa upepo inazisaidia springi kubeba. "Mama atadhani yuko kitandani kwake," alimwambia mkewe. Kazi ya nusu siku. Leo ilikuwa siku ya nne.

Mara ya kwanza alikaza nati zote upya. Mara ya pili akabadilisha shokapu. Sasa alilala tena chini ya gari, akapaka povu la sabuni kwenye valvu ya kushoto. Hakuna kiputo. Akalamba midomo na kuisogeza kwenye kiungo, karibu kugusa. Huo ndio ulikuwa mtindo wake wa miaka yote: mikono yake ilikuwa ngumu kama soli, haihisi upepo mdogo, lakini midomo iliyolowa haikuwahi kumdanganya. Hakuna kitu. Geji nayo ilisoma vilevile kama jana.

Alitulia pale chini, akiwa amekasirika kiasi cha kushindwa kutukana. Upepo haukuwa umetoka. Basi kilichobaki ni kwamba kuna uzito umeingia.

Ndipo mto wa kushoto ukajaa kidogo, ukanywea kidogo. Ukajaa tena.

"Umezima injini?" aliuliza.

"Funguo ninazo mfukoni," alisema shemeji. "Kwa nini?"

"Basi tu. Twende tumchukue mama."

Walimlaza mgonjwa juu ya godoro nyuma ya gari, miguu ikielekea mlangoni. Mke wa Kipimo alipanda akaketi pembeni yake. Gari halikuwa limefika hata mwisho wa mtaa mke aliposikika akigonga bodi. Walisimama, wakafungua nyuma.

"Mama hataki twende," alisema mke, akimtazama mumewe kama vile ameombwa kueleza hesabu asiyoijua. "Na hapa pananuka. Wewe husikii?"

Kipimo alisikia. Chokaa iliyolowa, na nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi.

Mama mkwe alikuwa ameweka kiganja juu ya bati la sakafu, upande wa kushoto. Enzi zake, kabla magoti hayajamkatalia, aliitwa kwenye nyumba za watu wenye majini, na hakuwa akipenda kusimulia.

"Mkwe wangu," alisema taratibu, "huyu wa chini anayepumua umempandishia wapi?"

"Mama, hiyo ni hewa tu."

"Nimekuuliza ulimpandishia wapi. Hewa yenyewe umeichota wapi?"

Kipimo alijua. Fundi cherehani wa jirani alikuwa amelalamikia kelele za kompresa wiki nzima, mpaka Kipimo akachoka, akaisukuma kwenye chumba cha nyuma cha karakana. Chumba hicho mwenye nyumba alimwambia asikifungue. Kufuli ilikubali kwa nyundo mbili. Kompresa ikafungiwa humo gizani, ikavuta hewa ya humo, na hewa hiyo ndiyo iliyokwenda kwenye mito.

"Umemtoa mtu nyumbani kwake kwa bomba," alisema mama mkwe. "Hata mimi ningekukalia."

"Mama, saa tano hii," alinong'ona shemeji. "Daktari hatatusubiri."

"Basi fanyeni haraka. Arudishwe alikotoka. Na wewe mkwe, ukifungua, funga mdomo. Usiseme, usipumue kwa kinywa, mpaka mlango wake ufungwe. Kinywa kikiwa wazi kwao ni nyumba."

Walirudi karakana, wakasogeza tako la gari hadi karibu na chumba cha nyuma. Kipimo aliitoa kompresa juani, akaacha mlango wazi kiasi cha kiganja, akaunga mpira mrefu kwenye valvu ya kushoto na kuingiza ncha yake ndani ya chumba. Akafumba mdomo na kufungua valvu, na badala ya mluzi wa upepo anaoujua kila fundi ikatoka pumzi, ndefu, nzito, ya mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi, na mpira ukatutumka na kujikunja sakafuni kana kwamba kuna kitu kinapita ndani yake kwa viwiko, na harufu ya chokaa ikajaa karakana nzima hadi shemeji akafunika uso kwa shati, na kule ndani ya chumba, ambamo hakukuwa na kiti wala kitanda, kikasikika kitu kikiketi.

Gari likanyanyuka upande wa kushoto, sentimita kwa sentimita, huku mto ukiwa mtupu.

"Saa tano na robo," alisema shemeji.

Kipimo alichomoa mpira. Akaujaza mto kwa pampu ya mguu, kwa hewa ya nje, akilowa jasho, akihesabu dakika. Kisha akalala chini, akalamba midomo na kuisogeza kwenye kiungo cha valvu.

Kijipumzi kimoja chembamba kikampita kwenye ulimi. Kilikuwa cha baridi, chenye ladha ya chokaa.

Aligeuza shingo. Mlango wa chumba ulikuwa bado wazi, kiasi cha kiganja.

Aliinuka, akaufunga, akapigilia misumari minne.

"Mdomo ulifunga?" aliuliza mama mkwe kutoka ndani ya gari.

"Nilifunga, mama."

Walifika saa sita kasoro dakika tatu. Gari lilikwenda kama lililobebwa, na mgonjwa alisinzia njia nzima. Shemeji alimshika Kipimo mkono, akakiri kwamba alikuwa ameanza kumdharau.

Alasiri, nyumbani, mkewe alimwekea chai mezani, akasimama kumtazama.

"Mbona umekaa umelalia upande?"

"Nimechoka."

Alingoja mkewe atoke. Kisha akasimama wima kwa kuegemeza mgongo ukutani, akaweka alama ya chaki usawa wa kila bega, akachukua tepu.

Kulia, sentimita mia na arobaini na mbili. Kushoto, mia na thelathini na nane.