Ukurasa wa Mtaa wa Wafinyanzi

Kila jioni baada ya shule, Cherehani aliosha vyombo huku bibi yake akipunga upepo mlangoni. Wenzake darasani walimpa jina hilo kwa sababu akianza kusema, hasimami. Mwaka huo darasa lao lilikuwa likiandaa kitabu kidogo cha historia ya mji wao, kisomwe na wadogo zao. Yeye alipewa ukurasa wa mtaa wa wafinyanzi: ulianzaje? Mwalimu alimwambia amuulize bibi yake, aliyefinyanga vyungu huko tangu usichana wake.

Alimuuliza. Bibi akaanza na mbuzi aliyepotea, akahamia kwenye harusi ya dada yake, akarudi kwa mbuzi. Cherehani akachoka. Akaingia ndani, akajitungia yake: msafiri kipofu aliteleza kwenye matope, akayapapasa, akafinyanga chungu cha kwanza. Mwalimu aliusifu sana ukurasa ule, na kitabu kikachapishwa.

Baadaye bibi akaugua. Alipopata nafuu, kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka. Mdogo wa Cherehani akawa anamsomea kile kitabu kila siku.

Siku moja Cherehani alimkuta bibi akimsimulia jirani habari za yule kipofu.

"Mama yangu mwenyewe ndiye aliyenisimulia," bibi alisema.

Jirani alipoondoka, Cherehani akapiga magoti mbele ya bibi. "Bibi, yule kipofu nilimtunga mimi. Ile ya kweli ilikuwaje? Ile yenye mbuzi."

Bibi akamtazama kwa upole. "Mbuzi gani, mjukuu wangu?"

Alijaribu tena kesho yake, na siku zilizofuata. Hakuna kilichorudi. Mwishowe alimweleza mama yake huku akilia, naye akampeleka kwa mwalimu.

Mwalimu hakumgombeza. Aliwapeleka kwa mfinyanzi mwingine mzee, ambaye alikumbuka kidogo tu: wanawake watatu walihamia pale kufuata udongo mzuri, na mmoja wao alikuwa mama yake bibi. Wale wawili hakuwajua hata kwa majina. Hayo machache yakaandikwa upya na kubandikwa juu ya ukurasa wa zamani katika kila nakala.

Cherehani aliuliza kama yaliyobaki yatapatikana.

"Sidhani," mwalimu alisema. "Kutunga hadithi si kosa, na wewe una kipaji. Kosa ni kuiita historia. Habari za watu hukaa ndani ya watu, mwanangu. Ukitaka kuziandika, keti uwasikilize wakiwa bado wanazo, hata wakizunguka sana kabla ya kufika."