Njia ya Kupitia Wodi ya Watoto

Hebu fumba macho uone hospitali yenye majengo matatu: jengo kuu mbele, wodi ya watoto katikati, na jengo la nyuma lililofungwa miaka mingi. Kila jengo lina mashine yake ya mtandao, na mashine hizo husalimiana kila baada ya sekunde kumi. Inayonyamaza sekunde arobaini huhesabiwa imekufa.

Saa nne asubuhi, kwenye kompyuta ya fundi wa mtandao, jengo la nyuma lilianza kusalimu.

Fundi huyo alikuwa mama, na binti yake alikuwa amelazwa katika wodi hiyo ya katikati, homa ikianza kushuka. Alimpigia simu kaka yake, mkuu wa mafundi, aliyemfundisha kazi.

"Wanalifungua upya," kaka alisema. "Ila halijaungana na jengo kuu, kwa hiyo tuliazime njia kupitia wodi ya watoto. Mimi nikubali huku jengo kuu, wewe ukubali huko wodini."

"Kaka, si tungefanya kesho? Leo nina mgonjwa."

"Kubonyeza mara moja tu, mdogo wangu. Au siku hizi umekuwa bosi?"

Alicheka, akabonyeza.

Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa kwenye korido. Akaenda jengo la nyuma kutazama, akapita vitanda vilivyopinduliwa, akasikia nyuma yake miguu mitupu ikikanyaga pale pale alipokanyaga yeye na kusimama kila aliposimama, hadi alipoifikia mashine na kuona kwamba waya wake wa umeme ulikatwa zamani, na buibui wameshajenga juu yake.

Akapiga simu, sauti chini. "Kaka, mashine hii haina umeme."

"Najua."

"Basi anayesalimu ni nani?"

"Jini lililokuwa kwa mwanangu. Mganga alisema litamwachia likifunguliwa njia ya kwenda kwa mtoto mwingine, na anayeifungua awe mama mzazi wa mtoto huyo. Nisamehe."

Alikimbia wodini, akaifuta njia ile. Salamu zikakoma. Lakini binti yake alikuwa amejisogeza ukingoni mwa kitanda, na godoro kando yake lilikuwa limebonyea.

"Mama, usimkalie mgeni," alinong'ona. "Jana mjomba aliniuliza kama nitampa nafasi. Nikasema ndiyo."

Ukikumbuka jambo moja tu katika haya, tafadhali likumbuke hili: mtoto alikubali kwa sababu aliyemwuliza ni mjomba wake.