Sauti ya Kitinda

Mashine ikifanya kazi hupata joto. Hilo hata mshonaji alilijua kwa cherehani yake. Lakini seva ile ndogo, iliyokuwa ikinguruma stoo tangu asubuhi, ilikuwa baridi kama mtungi wa maji.

"Afadhali hivyo," fundi wa kompyuta alimwambia. "Nyingine huungua." Alicheka, ila alipoigusa mwenyewe aliurudisha mkono haraka na kuufuta kwenye suruali.

Wazo lilikuwa la mdogo wa mshonaji, aliyeishi mbali, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa. Mama yao alikuwa wa kitandani tangu miguu imkatalie, na Kitinda hakuweza kurudi. Basi fundi akaijaza seva picha na video za familia, mama azitazame kwenye runinga ya chumbani. Akabandika kamera juu ya runinga, akafungua njia ya mtandao ili Kitinda aingie kutoka huko aliko, aonane na mama yake wakati wowote.

"Mlango uko wazi," fundi alisema akifunga mkoba. "Kazi kwake sasa."

Mchana uleule mshonaji, akiwa sebuleni anatunga uzi, alisikia sauti ya mdogo wake chumbani ikimwita mama, laini, na mama akacheka kicheko kilichokuwa kimesahaulika nyumba ile. Akashusha pumzi, akaendelea kushona.

Tangu hapo Kitinda akawa hakosi. Mama akaanza kula vizuri, akawa anataka kuchanwa nywele kabla mwanawe hajaja. Kilichomkera mshonaji ni harufu, kama ya kisima kilichofunikwa miaka mingi, iliyoanzia stoo ikatambaa hadi chumbani. Tena kila alipoingia kumsalimu mdogo wake, runinga ilionyesha picha za zamani tu.

"Ametoka sasa hivi," mama angesema.

"Mbona ananikimbia?"

"Anasema unanuka sindano. Hapendi chuma."

Mshonaji alijichekea, lakini sindano akaiacha kifuani ilipochomekwa.

Ndipo Kitinda alipompigia simu.

"Dada, nisamehe. Nenosiri alilonipa fundi linakataa tangu siku ya kwanza, na kazi zimenibana, sikufuatilia. Mama hajanuna?"

Huku mdogo wake akihema sikioni mwake, upande wa pili wa ukuta sauti yake ileile ilikuwa ikimbembeleza mama kwa wimbo, taratibu, na mama akiitikia, na ile harufu ikapanda mpaka ikamkaa kooni.

"Dada? Upo?"

"Nipo," alinong'ona. "Mtafute fundi. Leo hii."

Kesho yake mshonaji alimleta mganga, mwanamke mwenye sauti ndogo aliyekataa kuketi. Alisimama mlangoni pa stoo akinusa.

"Msiizime kwanza," alisema. "Mkiizima huyo mgeni akiwa ndani, atabaki humu nyumbani. Mama yako ndiye aliyempokea, kwa hiyo yeye tu ndiye wa kumfukuza. Amkane usoni."

Mama alilia sana. "Ananijali kuliko nyinyi nyote," alisema.

"Mama, Kitinda hajaingia hata mara moja," mshonaji alimsihi akimshika mikono. "Huyo si mwanao. Nakuomba."

Mwishowe mama akakubali. Wakasubiri watatu, macho kwenye runinga, na picha za zamani zikapita moja baada ya nyingine, harusi, mahafali, watoto wachanga, mpaka zikakatika ghafla na uso wa Kitinda ukajaa kioo kizima, umekonda, unatabasamu, machozi yanamlengalenga.

"Mama," uso ukasema.

"Wewe si mwanangu," mama akasema kwa sauti iliyokatika. "Ondoka. Usirudi tena kwangu."

"Mama, ni mimi. Dada, mwambie ni mimi."

Mganga alimpa mshonaji ishara, naye akakimbilia stoo, akang'oa nyaya zote kwa mkupuo, akaitoa ile mashine uani na kuipondaponda kwa nyundo mpaka ikawa vipande. Mganga aliaga. Harufu, alisema, itaisha yenyewe.

Simu ilimkuta mshonaji bado uani. Kitinda aliongea kwa kwikwi.

"Fundi amenitengenezea nenosiri leo, Dada. Leo ndiyo nimeingia kwa mara ya kwanza. Nimewakosea nini mpaka Mama anikane?"

Simu ikakatika. Mshonaji alirudi ndani mpaka mlangoni pa chumba. Runinga ilikuwa nyeusi. Mama alikuwa amegeukia upande wa ukuta, anatabasamu, amejisogeza kama mtu anayempisha mwingine kitandani.

"Umefanya vizuri, Mama," sauti ya Kitinda ilikuwa ikimwambia, laini, bila haraka. "Yule hatatusumbua tena."